Lubumbashi: nyumba ya ndoto inakula msitu kabla haijapata mlango

Kiangazi kikifika, kuanzia Mei mpaka Oktoba, moshi unaonekana pembeni ya Lubumbashi karibu kila upande: barabara ya Kasumbalesa, ya Likasi, ya Kasenga, ya Kipushi. Sehemu ya moshi huo ni nyasi zinazochomwa, sehemu ni makala. Na sehemu nyingine ni matanuru ya matofali. Kichuguu kimevunjwa, udongo wake umekandwa kwa maji, matofali yamekauka juani, yamepangwa mpaka yakawa mnara na kupakwa udongo nje. Kisha magogo yanasukumwa chini na moto unawaka siku kadhaa, usiku na mchana. Mjini, mwenye parsele anangoja lori.

Huyo mwenye parsele, awe wa Kalebuka, Luwowoshi, Kasungami ao Kisanga, mara nyingi ana ndoto ya kisasa kabisa. Anataka nyumba isiyolia kila siku juu ya SNEL. Ameona paneli za jua kwa jirani, taa za LED, tangi la maji juu ya nguzo, na kwenye simu ameona picha za villa za nje ambazo zinaitwa nyumba za ekolojia. Anaweka pesa kidogo kidogo, simenti mifuko mitano mwezi huu, mabati mwezi ule. Ila hesabu yake ya mazingira anaianzia kwenye paa, fasi paneli zitakaa. Wakati huo nyumba yake imekwisha kutumia moto mwingi kuliko ule paneli zitakaoleta kwa muda mrefu.

Ndiyo maana mazungumzo juu ya nyumba isiyoharibu mazingira hayawezi kuanzia hapa mahali yanapoanzia Ulaya. Kule moto wa nyumba ni ule wa kupasha vyumba joto, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, ndiyo sababu wanazungumza sana juu ya madirisha ya vioo viwili na kuta za kuzuia baridi. Lubumbashi watu hawapashi vyumba joto, na wenye klimatizera ni wachache. Moto wa nyumba ya hapa unakwenda fasi mbili kubwa: kwenye tanuru la matofali wakati wa kujenga, na kwenye mbabula kila siku ya Mungu baada ya kuhamia. Umeme wenyewe ni wa tatu, tena kwa mbali.

Tofali, kichuguu na mutondo

Tuchukue nyumba ya kawaida, vyumba vitatu na salon. Ukuta wa unene wa sentimita 20 unakula karibu matofali 100 kwa kila mita mraba, kwa tofali dogo la kuchoma linalouzwa hapa. Nyumba yenye mita mraba 150 za ukuta ni matofali 15,000. Na hapo bado matofali yanayopasuka ndani ya tanuru, yale ambayo hayakuiva vizuri pembeni, na yale ya kujenga lupango kuzunguka parsele, ambayo wakati mwingine ni mengi kuliko ya nyumba yenyewe. Hakuna fakturi inayoonyesha miti iliyokwenda humo. Mnunuzi analipia tofali na usafiri, mti haulipiwi na mtu.

Mti wenyewe ni wa miombo, ule msitu mwepesi unaozunguka mji: mutondo, musamba na jamaa zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamefuatilia kwa picha za setilaiti eneo linalolisha mji kwa makala. Mwaka 1990 msitu ulifunika zaidi ya robo tatu za eneo hilo. Mwaka 2022 ulikuwa umebaki karibu mbili kwa tano. Makala ndiyo mlaji mkubwa, pamoja na mashamba na migodi, na tanuru la matofali liko kwenye meza hiyohiyo. Mti unaokatwa kwa makala unapotea zaidi ya mtu anavyodhani, kwa sababu tanuru la udongo la porini linahitaji kilo tano mpaka kumi za mti ili litoe kilo moja ya makala. Kinachobaki kinapanda hewani. Na kadiri msitu unavyorudi nyuma, baiskeli na lori zinakwenda mbali zaidi, na bei ya mufuko inapanda mjini kwa mama ambaye hajawahi kukata mti hata mmoja. Uyoga wa masika na viwavi navyo vinakwenda na miti hiyo.

Kichuguu nacho kina habari yake. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga, vinavyopita urefu wa nyumba, si vya jana. Mwaka 2015 watafiti wa Gent na wa Lubumbashi walitoa matokeo ya kupima umri wa vichuguu vya miombo ya huku, na udongo wa katikati ya kimoja chao ulikuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kimejengwa na mchwa, chembe kwa chembe, na wiki chache zinatosha kukigeuza ukuta. Udongo wake ni mzuri sana kwa tofali, ndiyo shida yake. Huko Harare, msanifu Mick Pearce alichukua wazo kutoka kwa vichuguu alipochora jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996, ambalo linapoa kwa hewa ya usiku bila klimatizera ya kawaida. Wazimbabwe walisoma kichuguu namna kinavyopumua. Lubumbashi inakivunja.

Njia nyingine ipo na si ya leo. Tofali la udongo linaloshindiliwa kwa mashini ya mkono, likichanganywa na simenti kidogo, asilimia tano mpaka nane hivi, haliingii motoni hata dakika moja. Mashini ya namna hiyo, Cinva-Ram, ilitengenezwa Colombia katika miaka ya 1950, chuma tupu chenye mkono mrefu wa kukandamizia, na mafundi wa soudure wa hapa wanaweza kuitengeneza. Tofali linafunikwa, linanyunyiziwa maji siku za kwanza ili lisikauke haraka, linangoja wiki nne, basi. Udongo unaweza kuwa uleule unaochimbwa kwa ajili ya shimo la choo na msingi, kama hauna udongo wa juu wenye mizizi na kama una mchanga wa kutosha ndani yake. Unaujaribu kwa chupa: udongo nusu, maji nusu, tikisa, acha usiku mzima, asubuhi unaona mchanga chini na mfinyanzi juu. Simenti inatumika, ndiyo, na simenti nayo inachomwa kwa moto mkali sana huko inakotoka, iwe ya nchini ao ile inayopita Kasumbalesa kutoka Zambia. Ila ni kidogo, na tofali likiwa la kupangika vizuri linaokoa simenti ya kuunganishia na ya kupaka.

Kwa nini basi halijashika? Mtu akiuliza mitaani atasikia jibu moja: nyumba ya bulongo ni ya ku mugini. Tofali la kuchoma ni heshima. Linasema kwamba mtu amefika, na linasema hivyo hata kabla ya madirisha.

Lakini heshima si yote. Kuna woga, na woga huo una msingi. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni wa serikali, na raia anapata haki ya kuutumia. Ili haki hiyo iwe ya kudumu na ifike kwenye cheti cha usajili, inabidi parsele iendelezwe, maana yake ijengwe. Weka juu ya hapo kesi za parsele moja kuuzishwa watu wawili, ambazo kila mkaaji wa Lubumbashi anazijua, na utaelewa kwa nini familia inakimbia kusimamisha ukuta wa tofali jekundu hata kama pesa ya paa haiko. Ukuta huo si nyumba bado, ni ushahidi. Unasimama miaka mitatu, minne, mvua inaunyeshea, nyasi zinaota ndani ya salon. Maneno ya ofisi nayo yanasaidia upande huo: zinapozungumza juu ya vifaa vya kudumu, kila mtu anaelewa tofali la kuchoma na simenti, na udongo unasukumwa kwa kijiji. Kwa hiyo mtu anayewaambia watu waache kuchoma matofali bila kugusa mambo ya hati za parsele anazungumza nusu ya habari.

Na hoja ya kwamba udongo haudumu imekwisha kujibiwa, tena na Mwafrika. Francis Kéré alijenga shule ya msingi ya Gando, kijijini kwao Burkina Faso, iliyomalizika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na paa la bati lililonyanyuliwa juu ya dari ili hewa ipite katikati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Udongo unataka viatu na kofia: msingi wa mawe ao simenti unaopanda juu ya usawa wa maji, na paa linalotoka nje vya kutosha. Ukiuvua kofia, kama villa nyingi mpya zinavyofanya, hata tofali la kuchoma litalia siku za Februari.

SNEL, paneli na mbabula

Kuhusu umeme, Katanga ina kichekesho ambacho hakichekeshi. Barazi la Mwadingusha, juu ya mto Lufira, linatoa umeme tangu mwaka 1930. Miaka ya mwanzo ya 1980 mstari mkubwa wa umeme ulikamilika kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ukipita juu ya vijiji na vijiji visivyo na taa. Haukujengwa kwa ajili ya friji za watu wa Katuba. Ulijengwa kwa ajili ya shaba, na mpaka leo migodi ndiyo mteja mkubwa, tena haitoshelezwi: makampuni yananunua umeme Zambia ao yanawasha jenereta zao. Mwaka 2024 ukame ulipokausha maji ya Kariba, Zambia yenyewe ikaingia gizani kwa saa nyingi kila siku. Delestaji ya Lubumbashi, ile zamu ya kukatiwa umeme, iko ndani ya picha hiyo kubwa. Kabini ya mtaa ikiungua, picha inakuwa ndogo na chungu zaidi: majirani wanachanga pesa, ao wanangoja.

Kwa hiyo kununua paneli ni akili nzuri. Tatizo ni ahadi inayouzwa pamoja nazo, kwamba mtu atasahau SNEL na makala kwa siku moja. Hesabu si ngumu na kila muuzaji mwaminifu anaweza kuifanya mbele ya mteja. Paneli moja ya wati 400 ikipata saa tano za jua zuri inatoa, kwenye karatasi, wati-saa 2,000. Toa hasara ya joto, vumbi jekundu la barabara, nyaya na inverta, zinabaki kama 1,500. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 inabeba 2,400, lakini kama ni ya risasi hupaswi kuikamua zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo usiku una 1,200.

Taa sita za LED za wati 9 kwa saa tano ni 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni 300. Simu za nyumba nzima na vitu vidogo, weka 100. Jumla 670, na familia inakaa vizuri. Sasa mtu awashe reshau ya wati 1,200 kwa ajili ya bukari na sombe. Saa moja tu, betri imekwisha. Ndiyo maana nyumba zenye paneli juu ya paa bado zina mufuko wa makala nyuma ya mlango wa kuku. Paneli zimeondoa mshumaa na jenereta, hazijagusa mbabula.

Anayetaka kweli kupunguza makala anaanzia jikoni, na jiko linataka kufikiriwa ndani ya plani, si kubandikwa nje baadaye kwa mabati yaliyobaki. Reshau ifanye kazi saa zile SNEL iko, hiyo familia nyingi zinafanya tayari. Maharage yanaweza kuchemka dakika ishirini kisha sufuria ikafungwa ndani ya kikapu chenye blanketi ao masalio ya sponji, yaendelee kuiva yenyewe bila moto. Sufuria ya umeme ya kufunga, ile ya presha, inaivisha maharage kwa chini ya wati-saa 500, na hapo hesabu ya paneli inaanza kuwezekana, hasa ikiwashwa mchana jua likiwa juu. Mbabula iliyotengenezwa kwa udongo ndani ya bati inakula makala kidogo kuliko ya chuma kitupu. Hakuna hata kimoja hapo kinachopigwa picha na kuwekwa kwenye simu. Kwa msitu, vitu hivyo vinne vina uzito kuliko paneli nne.

Jambo lingine dogo ambalo linaharibu pesa za watu wengi: upande wa paneli. Video nyingi kwenye intaneti zinatoka Ulaya na Marekani, na zinasema elekeza paneli kusini. Huko ni sawa. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 12, na jua sehemu kubwa ya mwaka linapita upande wa kaskazini. Hapa paneli zinaangalia kaskazini, zikiinama nyuzi kama 12 ao 15, inatosha pia vumbi na maji viteremke. Na zipanguswe, hasa Agosti na Septemba.

Betri nazo zinaleta swali ambalo siku moja mji huu utalazimika kulijibu. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka kwa malori, na aina nyingi za betri za lithiamu zinatengenezwa nayo mbali sana, kisha betri zinarudi kuuzwa hapa kwa dola. Zikifa, zinatupwa fasi gani? Za risasi zinavunjwa na watu wanaotafuta risasi, mara nyingi katikati ya nyumba na watoto. Nyumba inayojiita safi ingemuuliza muuzaji kama anarudisha betri nzee.

Maji ya paa, kwa ufupi

Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Machi. Paa la mita mraba 100 linapokea, kwa mwaka, kama lita 120,000; hata ukipoteza moja kwa tano zinabaki zaidi ya 90,000. Tangi la lita 5,000 haliwezi kuzivusha mpaka Oktoba, hilo lieleweke, lakini linapumzisha REGIDESO na foraji kwa miezi mitano, na linazuia maji ya paa kuchimba msingi wa jirani. Kwa kufua, kuosha na choo yanafaa sana.

Kwa kunywa, tahadhari. Mji huu una bomba la Gécamines, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, mpaka udongo wa upande huo ukajaa shaba, risasi na kadmiamu. Mwaka 2009 kundi la watafiti, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, lilionyesha kwamba watu wa maeneo ya migodi na viwanda ya Katanga wana metali nyingi mwilini, na kobalti kwa kiwango kikubwa mno. Vumbi hilo linakaa juu ya mabati pia. Maji ya mvua za kwanza yaachwe yamwagike, na bustani ya mboga karibu na viwanda ipandwe kwenye udongo ulioletwa, ndani ya masanduku. Kuita nyumba ya ekolojia bila kupima fasi ilipo ni kujidanganya.

Kile kisicholipiwa

Baada ya vyote hivyo kuna uamuzi mmoja ambao hauongezi hata franka moja kwenye devi, na ndio unaokosewa kila siku: nyumba iangalie wapi. Kwa kawaida inaangalia barabara, kwa sababu mgeni lazima aone uso wake. Ikitokea barabara iko upande wa magharibi, basi uso wa salon, wenye madirisha makubwa, unageukia magharibi. Mchana ukielekea jioni mwezi wa Oktoba, joto likiwa juu ya nyuzi 30, jua linaingia la kulala mpaka kwenye makochi, na hakuna paa linaloweza kulizuia kwa sababu limeshuka chini sana. Watu wanafunga pazia, wanawasha feni, SNEL inakata.

Nyumba za zamani za mji zilijua jambo hili. Zile za Makomeno, za kambi za Union Minière, za mtaa wa kati, nyingi zina barza ndefu, dari ya juu, matundu ya hewa chini ya paa, na paa linalotoka nje kama kofia ya mkulima. Wakubwa wa ukoloni hawakuzijenga kwa huruma, na wafanyakazi walipewa vyumba vidogo. Lakini mchoraji wa wakati ule hakuwa na klimatizera ya kumsamehe makosa, kwa hiyo alichora kwa kufuata jua. Villa ya leo inaficha bati nyuma ya ukuta ulionyanyuka, haina kofia, haina barza, na dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu. Inapendeza kwenye picha. Joto lake linalipiwa kila mwezi.

Plani inayofuata jua la hapa ni rahisi. Pande ndefu za nyumba ziangalie kaskazini na kusini, pande fupi mashariki na magharibi, na upande wa magharibi uwekwe choo, deposi, garaji ao mti wa embe. Kama parsele ni nyembamba na barabara iko mashariki, mlango ubaki barabarani na madirisha yahamishwe pembeni. Heshima ya mgeni haipungui. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Watoto wanalala na sweta, na wengine wanaingiza mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, jambo ambalo linaua kwa gesi isiyo na harufu. Ukuta mnene wa udongo, wa sentimita 30, unapokea joto la mchana polepole na kulirudisha ndani usiku. Bati bila dari linafanya kinyume: mchana oveni, usiku friji. Pesa ya dari isikatwe kwenye devi kwa ajili ya vigae vya sebuleni, na kati ya dari na bati hewa iachiwe njia ya kutoka.

Paa lenyewe linafanya kazi ya ajabu likipimwa vizuri. Mwezi wa Juni, saa sita ya mchana, jua liko upande wa kaskazini na limeinama. Paa linalotoka nje sentimita 60 linafunika sehemu ya juu tu ya ukuta wa kaskazini, kama sentimita 85, na chini ya hapo jua linaingia dirishani, wakati uleule watu wanapolihitaji. Desemba jua liko upande wa kusini lakini juu sana, karibu wima, na sentimita hizohizo 60 zinafunika ukuta wote wa kusini mpaka chini. Hakuna mashini ndani yake, hakuna betri.

Mwenye parsele tupu anaweza kujionea mwenyewe kabla fundi hajachimba msingi. Apigilie kijiti cha mita moja, wima, fasi salon itakapokuwa. Mwishoni mwa Juni, karibu saa sita ya mchana, kivuli kitalala kuelekea kusini, sentimita 70 hivi. Kila wiki kitafupika. Tarehe 24 ya Oktoba, ao siku moja mbele ao nyuma, jua litasimama juu ya kijiti na kivuli kitakuwa hakiko. Kuanzia hapo kitaanza kulala upande mwingine, kuelekea kaskazini, mpaka katikati ya Februari. Mafundi wengi watakubali kuzungusha kamba za msingi kwa nyuzi chache kama mwenye nyumba amekuja na kijiti hicho na alama zake chini. Baada ya simenti kumwagwa, hakuna atakayekubali tena.